Haji, Analetwa

Kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke wa Mlabani, pale Ifakara, ambaye Levina hakuujua mwili wake kwa inchi. Alikuwa fundi wa nguo za kike. Alishonea barazani kwake kwa cherehani ya mkono, futi ikining'inia shingoni pamoja na rozari, na wanawake walipokuja kupimwa aliwaambia ukweli ambao hata waume zao hawakuthubutu kuusema: wewe umejaa, wewe umekonda, wewe kifua kimeshuka, tukate upya.

Mwili wake mwenyewe hakuwa na sababu ya kuupima. Blauzi zake alizikata kwa mazoea, upande wa kulia mpana kuliko wa kushoto, kwa kuwa titi lake la kulia lilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Alipomzaa Beatus, titi la kushoto lilitunga jipu, likapasuliwa, likakauka. Mtoto akanyonya la kulia peke yake mpaka akajua kutembea na kuliomba kwa jina. Wawili waliomfuata hawakuishi hata kunyonya. Kwa hiyo titi lile, kwa maana iliyo wazi kabisa, lilikuwa la Beatus.

Ndilo lililoota uvimbe.

Aliuhisi siku moja akizungusha gurudumu la cherehani, mkono wake ukipita na kurudi karibu na kwapa. Kitu kigumu, kama punje ya kunde chini ya kitambaa. Alisimamisha gurudumu, akakigusa kwa kidole, kikakimbia kidogo na kurudi mahali pake. Akaendelea kushona sare ya mwanakwaya. Hakushtuka. Alihuzunika, na mwanzoni hakujua kwa nini huzuni ilitangulia woga.

Levina hakuzaliwa Ifakara. Alizaliwa milimani upande wa Mahenge, akashuka akiwa msichana aliyeolewa na Gosbert seremala, akavuka mto kwa pantoni na sanduku moja la bati. Watu wanaohama huacha vingi na kubeba vingi. Nguo huchakaa, sufuria hutoboka, lugha huingiwa na maneno ya wenyeji. Lakini yale ambayo mtoto aliyakariri jikoni kwa bibi yake hubaki yamekunjwa vile vile yalivyokuwa siku ya kuondoka, na hakuna anayeyakunjua kuona kama bado yanafaa.

Gosbert alikufa kwa homa iliyomchukua upesi. Siku ya kuondoa matanga, Beatus alifika kutoka mashamba ya miwa ya Kidatu, alikokuwa mkata miwa. Alichelewa, na alikuwa amelewa. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani wakila. Alisimama mbele ya mama yake, akamtazama akitia tonge mdomoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetania:

"Kula, mama, kula vizuri. Baba si umeshamla?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema wanachosema wote. Mimi nimelewa tu, ndiyo maana nakisema."

Levina hakumpiga. Alisimama, akanawa mkono, akafungua vifungo vya blauzi yake nyeusi, akalitoa titi la kulia mbele ya wakwe, wanakwaya na katekista, akalishika kwa chini kama mtu anayempa mtoto.

"Beatus. Hili ndilo ulilonyonya. Kama ni la mchawi, maziwa yake yakudai."

Balbina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimrushia khanga kifuani. Khanga ilifika. Maneno yalikuwa yametangulia.

Hasira ya Levina iliisha kabla sufuria za kuazima hazijarudishwa kwa wenyewe. Lakini maziwa yalianza kudai. Aneth, mke wa Beatus, mimba yake iliharibika, na iliyofuata pia. Kisha panga lilimteleza Beatus katika miwa, likaingia kwenye muundi wa mguu, na kidonda kikakataa kufunga. Labda yote haya yangetokea hata bila neno la mtu yeyote. Wakata miwa hujikata, na mimba huharibika. Lakini nani angemwambia hivyo mama aliyelitamka neno kwa kinywa chake?

Njia ya kufungua laana ya titi ilikuwepo. Mama huliosha titi lile lile kwa maji safi, mtoto akiwa amepiga magoti mbele yake. Humtamkia kwamba maziwa hayamdai tena. Mtoto huyanywa yale maji, basi. Ni jambo fupi kuliko kuchemsha chai. Ila aliyetolewa titi haji kwa miguu yake. Haji, analetwa. Na wa kumleta ni mjomba, kaka wa mama, amemshika mkono. Akija mwenyewe, bibi yake Levina alikuwa akisema, anakuja kudaiwa yote kwa mara moja.

Mjomba wa Beatus alikuwa Nazari, mkulima wa ng'ambo ya mto, mtu mzuri asiye na haraka. Kila mwaka alituma salamu kwamba atakuja baada ya mavuno. Kila mwaka baada ya mavuno palikuwa na harusi, au msiba, au mavuno hayakuwa mavuno. Nao wakaacha mambo yakae, kama watu wanavyoacha paa linalovuja kwa sababu leo hakuna mvua.

Hospitalini daktari alilipapasa titi muda mrefu, akalipapasa na kwapa, kisha akanawa mikono polepole. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa mikoa ya mbali. Nesi Eveline, binti wa Kibaoni aliyeshonewa sare yake ya kwanza na Levina, alisimama pembeni.

"Mama, titi hili lote inabidi litoke," daktari alisema. "Na lisichelewe. Likitoka sasa, kuna matumaini."

"Lote?"

"Lote."

"Naomba kwanza nimalize jambo moja, daktari."

"Jambo gani?"

"Namngoja kaka yangu avuke mto."

"Ndiye atakayekutolea damu?"

Ukweli ulikuwa mrefu, na nje kulikuwa na foleni. Levina akasema ndiyo.

Alituma ujumbe kwa Nazari kupitia mfanyabiashara wa ndizi, na mwingine Kidatu kupitia mama mmoja aliyepanda treni. Ujumbe ulikuwa mmoja: titi linatoka, fanyeni haraka. Wiki ile mvua zikaanza. Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, na bonde zima la Kilombero likageuka kioo kichafu. Mto ulipanda ukameza mashamba, ukameza madungu ambamo watu hukaa kuamia ndege wa mpunga, ukafika mahali ambapo wazee hawakukumbuka kuuona. Pantoni ilifungwa kwa minyororo ukingoni. Mitumbwi miwili iliyojaribu kuvuka haikufika. Waliobaki wakakaa kila mmoja upande wake na kutazama maji.

Levina akangoja.

Siku moja Balbina alirudi kutoka gulioni Kiberege na kiroba cha mahindi kichwani. Hakukishusha kwake; alikuja nacho moja kwa moja barazani.

"Dada, nimemwona mwanao."

Gurudumu likasimama. "Kidatu?"

"Kidatu wapi! Kiberege. Yuko hapo Kiberege kwa rafiki yake, anatembea na fimbo. Alipopata habari zako tu alishuka. Anauliza kila gari, mjomba amevuka?"

"Kiberege," Levina alirudia. Mahali ambapo gari, hata kwa tope lile, lilifika kabla chai ya chupa haijapoa.

"Nikamwambia, panda hili gari twende, mama yako anaumwa, mimi nitakushika huo mkono kama tatizo ni mkono. Unajua alinijibu nini? 'Mama mdogo, mimi siji. Naletwa.' Kichwa ngumu kama cha mtu fulani ninayemjua."

Levina alitazama chini. Balbina alidhani analia. Lakini uso wake ulikuwa na kitu kingine, kitu kibaya kukitazama: alikuwa anafurahi.

"Amesema hivyo? Naletwa?"

"Amesema hivyo."

"Basi hakusahau. Nilimfundisha vizuri."

"Ulimfundisha vizuri sana. Sasa nyote wawili mtakufa vizuri sana." Balbina alikitupa kiroba chini. "Dada, nimlete mimi. Kesho. Kiberege si Ulaya."

"Wewe ni jirani, Balbina, siyo mjomba. Ukimleta wewe ni sawa na amekuja mwenyewe. Nitakuwa nimemmaliza."

"Na wewe? Wewe nani anakumaliza?"

Levina alishika gurudumu, akaanza kulizungusha bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka katika hewa tupu.

Waliishi hivyo, mama Mlabani na mtoto Kiberege, karibu kiasi cha kuletewa habari za kila siku. Mara ngapi alikohoa, kama kidonda kimepungua, kama amekula. Mama alimtumia shati. Mtoto alimtumia mama perege wakavu. Kila mmoja alikuwa akimwokoa mwenzake kwa kutokwenda.

Uvimbe haukungoja. Punje ya kunde ikawa yai, kisha haikufanana tena na chakula chochote. Ngozi ya titi ilikakamaa na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu iliingia ndani, kama mtu aliyeona jambo akarudi chumbani. Mwisho ngozi ikapasuka pembeni, na kidonda kikaanza kutoa maji. Levina alijishonea vitambaa vya kuzuia, akavikata kutoka mabaki ya nguo za wateja, akavifua mwenyewe na kuvianika ndani. Wateja walianza kusimama mbali kidogo wakati wa kupimwa. Wengine walisema watakuja kesho.

Nesi Eveline ndiye aliyekuja nyumbani bila kuitwa. Alisalimia "shikamoo mama" mlangoni, akaingia, akavuta pumzi mara moja, akaacha kutabasamu.

"Fungua nione."

Levina alifungua. Eveline alitazama, kisha akakaa juu ya kitanda bila kukaribishwa.

"Mama, unamngoja nani?"

Safari hii Levina alimwambia yote: matanga, neno, maji, mjomba, mto. Alidhani binti atacheka, au atamhubiria. Eveline hakucheka. Alikuwa wa bonde hili.

"Na kwetu yapo mambo kama hayo," alisema. "Sitakuambia ni uongo. Nakuuliza kitu kimoja tu. Huyu mwanao anataka titi, au anataka mama?"

"Anataka vyote viwili. Nani hataki?"

"Basi ukingoja hapa, atakosa vyote viwili."

Levina alifunga blauzi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba hata angejibu asingesikika. Ilipopungua, alisema, "Nipe siku nijiandae."

Kujiandaa kulikuwa kazi ya mikono, na kazi ya mikono ilimsaidia. Alifunga beseni, sabuni ya kipande, khanga za kujifunika, kandambili, unga wa uji. Balbina alipimwa damu yake, ikakubaliwa, akaitangazia wodi nzima kwamba kuanzia leo Levina atakuwa mropokaji kama yeye. Padri alimpaka mafuta ya wagonjwa. Levina aliweka dole gumba kwenye karatasi ingawa alijua kuandika, kwa sababu hakutaka daktari aone herufi zake mbaya. Wakamnyoa kwapa. Wakamkataza chakula.

Kitu kimoja alikifikiri sana. Alifikiri kuliosha titi kabla halijaondoka, ayaweke yale maji katika chupa, amtunzie Beatus. Alifika hata kuiosha chupa. Lakini maneno hutamkwa mbele ya magoti ya mtoto, na bila maneno yale ni maji ya kidonda tu, yenye usaha. Hakuna mama anayemwekea mtoto wake chupa ya usaha. Akairudisha chupa ikiwa tupu.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya kupandishwa kwenye kitanda cha magurudumu, aliomba aachwe kidogo nyuma ya pazia. Alilishika titi kwa chini, kama siku ile uani, lakini hapakuwa na mtu mbele yake. Alisema kwa sauti ndogo, "Usimdai tena." Alijua hayahesabiki. Aliyasema hata hivyo, kisha akamwambia Eveline kwamba yuko tayari.

Alipozinduka, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta. Ulikuta bandeji, na chini ya bandeji ulikuta ubao. Hakulia. Kilichomshangaza ni wepesi. Tangu amzae Beatus upande wa kulia ulikuwa mzito, na sasa alihisi kana kwamba akisimama ataanguka kushoto. Mrija mwembamba ulitoka ubavuni na kutiririsha maji mekundu katika chupa iliyokaa chini ya kitanda.

Daktari alikuja na kusema kazi imekwenda vizuri. Alisema walikuta tezi zimevimba kwapani, wakatoa zile walizoziona. Hakusema kwamba angewahi kuja mambo yangekuwa mengine. Levina aliyangoja maneno hayo, hayakuja, na kutokuja kwake kukamwambia kila kitu.

Mkono wa kulia haukunyanyuka. Eveline alimsimamisha mbele ya ukuta wa wodi, akamwonyesha kuupandisha kwa vidole, kidole kimoja kimoja, kama mdudu anayepanda. Kila siku apandishe juu kidogo kuliko jana. Siku nyingine alipandisha, siku nyingine mkono ulivimba mpaka pete ya ndoa ikazama katika nyama, ikabidi ikatwe. Mwanamke wa kitanda cha jirani alimwambia amshukuru Mungu, na Levina akamjibu kwamba anashukuru, akageukia ukuta.

"Mama, kuna wenzako Ulaya," Eveline alisema siku moja akibadilisha bandeji na kupaka jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda. "Wakitolewa titi, wanawekewa lingine. La plastiki, ndani kwa ndani, wanashona juu. Wengine hata hawaumwi, wanataka tu yawe makubwa."

Balbina, aliyeleta uji, aliweka kikombe chini. "Wanaongeza? Mtu mzima, kwa akili zake, anapasuliwa aongezewe titi?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na hilo la plastiki, nani amelinyonya?"

Wodi ilicheka. Hata Levina alicheka, akaushika mshono kwa maumivu. Lakini swali lilibaki baada ya kicheko kuisha. Alilala nalo. Hata kama wangemwekea jingine, la plastiki au la dhahabu, lingekuwa la nani?

Aliporudi nyumbani alishona lake. Hakufanya kwa urembo; bega la kulia lilikuwa limeanza kupanda na la kushoto kushuka, na Eveline alimwambia aweke kitu cha kusawazisha. Balbina alizungusha gurudumu la cherehani, Levina akaongoza kitambaa kwa kushoto. Wakajaza sufi ya mto wa zamani wa kulalia. Sufi ilikuwa nyepesi mno, likawa linapanda mpaka shingoni, ikabidi watie ndani yake kiganja cha mchele. "Sasa limekaa," Balbina alisema, akilipima mkononi. "Siku ya njaa utalipika." Levina alilivaa, akavaa blauzi yake ya zamani yenye upande wa kulia mpana. Kwenye kioo alijiona mzima, na ule uzima ulimchoma kuliko mshono.

Wiki hiyo hiyo, akioga, aligusa juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo. Palikuwa na kitu kidogo kigumu. Kilikimbia kidogo, kikarudi. Hakumwambia mtu.

Maji yakapungua. Pantoni ikafunguliwa. Na Nazari akavuka, akapitiliza mpaka Kiberege kama ilivyotakiwa, akamshika Beatus mkono, akamleta.

Walifika mchana. Levina alikuwa amewaona kwa mbali kutoka dirishani: kaka yake amezeeka, na kijana mwenye fimbo aliyekonda mpaka shati alilomshonea linampwaya. Wameshikana mikono kama watoto wanaotoka shule. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha blauzi. Balbina akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibuni."

"Dada," alisema Nazari, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya shughuli, "nimekuletea mtu."

Beatus aliacha fimbo, akapiga magoti kwa shida, mguu mmoja ukinyooka pembeni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya matanga. Beatus aliinua macho taratibu, yakafika kifuani, yakakaa pale. Uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo.

"Walinidanganya," alisema. "Kiberege waliniambia umeshakatwa. Nilikaa siku nzima sili. Kumbe mzima." Akacheka, machozi yakimtoka. "Mjomba, si unaona? Mzima kabisa. Watu wa Kiberege waongo!"

Balbina aligeuza uso. Levina alitamani, kwa muda mfupi, kuacha mambo yalivyo. Maji yangeweza kumwagwa juu ya nguo. Nani angejua? Lakini maji yale hunywewa mbele ya macho, na mtoto lazima alione titi lenyewe.

Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya blauzi, akalitoa lile titi la sufi, akaliweka juu ya mkeka katikati yao. Lilikaa pale, jeupe, na mchele ukasikika ndani ukijipanga.

Beatus alilitazama. Hakuligusa.

"Liko wapi?"

"Walilichoma, mwanangu. Huko hospitali huchoma."

"Lote?"

"Lote. Nilikungoja mpaka likapasuka lenyewe. Nilikungoja mpaka nikanuka."

"Na mimi nilingoja," Beatus alisema. "Nilikuwa hapo Kiberege."

"Najua. Mjomba hakuweza kuvuka."

Nazari, aliyekuwa amesimama akipangusa tope miguuni, aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekuta watu wanalia kwa jambo lisilo lake.

"Subirini," alisema. "Dada, ulikuwa unaningoja mimi? Mimi hasa?"

"Sasa nimngoje nani? Haji, analetwa. Analetwa na mjomba."

"Ndiyo, zamani. Enzi za bibi." Nazari alikaa chini. "Dada, wewe umeondoka siku nyingi. Siku hizi kule nyumbani nani anangoja mjomba? Shangazi analeta. Katekista analeta. Mtoto wa Severini aliletwa na dereva wa lori la mbao, kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi. Ilimradi asiingie peke yake. Mngemshika mkono tu mkamleta."

Balbina, aliyekuwa ameshika mlango, aliuachia, akatoka nje. Wakasikia hatua zake zikienda uani, zikasimama.

Levina alimtazama kaka yake. Hakuwa na hasira naye; Nazari alikuwa amesema ukweli, na aliusema kwa wema. Alijaribu kukumbuka uso wa bibi yake jikoni, kama alisema mjomba, au alisema mtu. Alikuwa mtoto. Moshi ulikuwa mwingi. Hakuweza kukumbuka.

"Nipeni maji," alisema.

Nazari alileta ndoo ya maji, bakuli na kikombe. Levina alifungua vifungo. Safari hii hapakuwa na umati, na hapakuwa na kitu cha kutoa; alifungua tu, na kijana wake akaona mstari unaotoka kwapani hadi katikati ya kifua, wenye alama za nyuzi pande zote, mahali pengine pakiwa bado pabichi.

"Sijawahi kuona hivi," Nazari alinong'ona. "Sijui kama inahesabika."

"Wala mimi."

Alichota maji kwa kiganja cha kushoto, akaosha kovu kutoka juu kwenda chini, polepole, akiyakinga kwa bakuli. Maji yalishuka yakiwa na rangi ya jivii. Aliyamimina kikombeni, ya zambarau hafifu, nusu ya kikombe.

"Beatus. Maziwa uliyonyonya kwangu hayakudai tena. Nimeyafuta. Zaa, pona, uishi."

Beatus alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa kwa mafunda marefu, bila kupumua, kama mtu anayekunywa dawa ya hospitali akitaka iingie yote. Alirudisha kichwa nyuma mpaka tone la mwisho likaanguka. Midomo yake ilikuwa na rangi. Alikaa akisikiliza ndani ya mwili wake.

"Imefunguka, mama?"

Levina aliinua macho kwa Nazari. Nazari alikuwa anautazama mkeka.

"Imefunguka."

Kijana alisikiliza tena. Nje Balbina alipenga kamasi. Beatus alichungulia ndani ya kikombe, kisha akachungulia ndani ya bakuli, akaliinamisha kuelekea kwenye mwanga.

"Hakuna mengine yaliyobaki?" aliuliza.

"Hakuna, mwanangu," Levina alisema, akifunga vifungo kwa mkono mmoja. "Yalikuwa hayo tu."